Kamera ya renjifainda iliyotumika: wasomaji wa Unguja na Pemba wanauliza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kamera za filamu za aina ya renjifainda, zile ambazo jicho halipiti kwenye lenzi bali kwenye kidirisha cha pembeni. Katikati ya kidirisha pana kiraka cha njano chenye sura ya pili ya unachokilenga. Unazungusha pete ya lenzi mpaka sura mbili zilaliane. Hapo fokasi imekamata. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha na urefu wake.

Assalaam alaykum. Nimestaafu ualimu wa skuli. Zamani nilikuwa nikipiga picha za filamu, sasa nataka kurudi. Mwanangu aliyeko Muscat amenitajia kamera tatu zilizotumika: Canonet QL17 GIII, Yashica Electro 35 GSN na Zorki-4. Bei hazipishani sana. Navaa miwani. Nichukue ipi?
*Mwalimu mstaafu, Wete*

Waalaykumu salaam, na shikamoo mwalimu. Zote tatu zinatoa picha safi zikiwa nzima. Lakini Wete si mahali pa kupata betri za ajabu ajabu wala fundi wa kamera kila mtaa, kwa hivyo suali la kwanza ni moja: betri ikifa, kamera itaendelea kupiga?

Zorki-4 haina betri wala mita ya mwanga, basi hapo haina cha kufa. Imetengenezwa Krasnogorsk, Urusi, kuanzia 1956, na tarakimu mbili za mwanzo za namba yake aghalabu ndio mwaka wake. Ina kitu kitakachokufaa: kwenye kifundo cha kurudishia filamu pana mkono mdogo wa kurekebisha kidirisha kwa jicho la mtazamaji, huenda ukaweza kuvua miwani. Ubaya wake ni pazia la shata, yaani mlango unaofunguka kidogo kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Ni kitambaa kilichopakwa mpira, kikizeeka kinakakamaa na kuchanika. Pia ina sharti lisilosamehe: koki kwanza, yaani sogeza filamu na kuikaza shata, ndipo ugeuze kasi ya shata. Ukigeuza kasi kabla ya kukoki, alama haiko mahali pake, na unaweza kuvunja kilichomo ndani.

Yashica Electro 35 GSN ni ya 1973, lenzi yake ni milimita 45 yenye tundu la f/1.7 (tundu ni njia ya mwanga ndani ya lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Wewe unachagua tundu, umeme wa ndani unachagua kasi. Betri ikifa shata inafyatuka kwa 1/500 ya sekunde peke yake. Juani saa sita, kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga) na tundu la f/16, hiyo inatosha kabisa. Jioni ukiwa barazani, haitoshi. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, ya volti 5.6, nayo haitengenezwi tena. Watu hutia 4LR44 ya volti 6 ndani ya kifuko cha kuijazia nafasi, na kamera inaivumilia. Ugonjwa wake mashuhuri ni kipande kidogo cha mpira kilicho ndani, ambacho huoza na kugeuka uji. Kikioza, ule mgoto unaosikika ukivuta mkono wa filamu hupotea, na kamera inakosa hesabu ya mwanga. Dawa yake ni kufungua kamera, na si kazi ya kujifunzia.

Canonet QL17 GIII ilitoka 1972. Lenzi ni milimita 40, f/1.7, kasi ni 1/4 hadi 1/500. Betri inalisha mita tu. Ukiitoa pete ya tundu kwenye alama ya A, ambapo kamera huchagua tundu yenyewe, ukaweka namba mwenyewe, kasi zote zinafanya kazi bila betri. Tahadhari: katika hali hiyo mita inazimika, sindano yake hailali popote. Na ukiacha pete kwenye A huku betri imekufa au mwanga umepindukia, kitufe kinakataa kubonyea. Kamera nyingi zimeuzwa kwa bei ya chakavu kwa sababu ya kutolijua hili tu.

Sisi tungemwambia mwana achukue Canonet. Kwa miwani, fahamu kuwa kidirisha chake hakirekebishiki, na kingo za fremu utaziona kwa tabu kidogo. Kama hilo linakuudhi, Zorki si aibu. Lakini kamera nzima ya jina la pili ni bora kuliko Canonet mbovu, kwa hivyo jibu la barua inayofuata alisome na yeye.

Naenda kukutana na muuzaji kesho, hataki kuiacha kamera mikononi mwangu zaidi ya dakika kumi. Niangalie nini?
*Msomaji, Mkunazini*

Dakika kumi zinatosha ukienda na simu yenye tochi, futikamba, kijiti cha meno na betri ya kamera hiyo. Kabla hujafika, mwombe muuzaji asiifyatue kabisa siku hiyo. Shata iliyoganda kwa mafuta yaliyokauka huonyesha maradhi yake kwenye mlio wa kwanza; ikishafyatuliwa mara ishirini inachangamka, unadanganyika.

Anza na hapo basi. Fungua mgongo, koki, weka kasi ndogo kuliko zote, fyatua huku unatazama kwa nyuma. Kwenye 1/4 unapaswa kusikia mlio mfupi wa saa na kuona vijani vya chuma vikifunguka vyote na kufunga vyote. Vikibakia nusu, vikichelewa, au vikiwa na mng'ao wa mafuta, hesabu pesa ya fundi. Panda kasi moja moja: sikio lako lisikie kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Kasi za chini zikiwa zimelala na za juu zinakwenda, kamera bado inatumika hapa kwetu kwenye jua, ila bei ishuke.

Sasa weka kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi maadamu umeshikilia kitufe, tundu wazi kabisa, shikilia kitufe na umulike tochi kutoka mbele huku ukitazama kwa nyuma, kisha kinyume chake. Vumbi lipuuze. Mikwaruzo miwili mitatu ya kioo cha mbele haionekani kwenye picha. Kinachotisha ni kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikianzia ukingoni, na ukungu wa maziwa uliotanda sawasawa. Ukungu unaonekana mdogo kwa tochi lakini ukielekeza kamera kwenye kuta nyeupe za Mji Mkongwe saa nne asubuhi, picha nzima inapauka. Kuvu changa inasafishika. Ikishaila ngozi ya kioo, alama haitoki.

Kisha renjifainda yenyewe. Toka nje, tafuta kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita moja chenye mstari wa wima: mlingoti wa jahazi au mnara. Zungusha lenzi mpaka ikome kwenye alama ya umbali usio na mwisho. Sura mbili ziwe moja. Halafu pima mita moja kwa futikamba kutoka nyuma ya kamera, pale filamu inapokaa, ulenge ukingo wa mlango. Sura zikilaliana, namba kwenye lenzi isome mita moja. Sura ikiwa imepanda au kushuka, yaani kosa la wima, fokasi bado ni sahihi ingawa inachosha jicho. Kosa la ulalo ndilo linaloharibu picha. Yote mawili hurekebishwa kwa skrubu, kwa fundi anayejua ipi ni ipi.

Kiraka kikiwa hafifu mno, sababu ni vumbi ndani au kile kioo cha ndani kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, kilichovuliwa rangi na mtu aliyekisugua. La kwanza linasafishwa, la pili halina dawa rahisi. Wengine hubandika kipande kidogo cha tepu nyeusi katikati ya dirisha kubwa kwa nje: sura ya nyuma inafifia, ya kiraka inajitokeza. Jaribu kwa kidole kabla ya kukata tamaa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Sponji za mlango, zinazozuia mwanga usipenye mgongoni: zichokoe kwa kijiti, zikitoka kama lami nyeusi, usiogope, utazibadilisha mwenyewe nyumbani kwa spiriti, pamba za masikio na uzi mweusi wa sufi uliolazwa kwenye mifereji. Angalia tu makombo yasidondokee shata. Kifuniko cha betri: kijani au nyeupe ndani ni uvujaji. Tone la siki linausafisha ukiwa juu juu, lakini waya ulio chini unaweza kuwa umeshaliwa. Mwisho zungusha pete ya fokasi karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, ule ni mchanga. Rudisha kamera, mshukuru muuzaji, nenda zako.

Canonet yangu inataka betri ya PX625. Dukani wamenipa ya namba hiyo hiyo lakini picha zinatoka nyeusi nyeusi.
*Msomaji, Chake Chake*

Betri ya zamani ilikuwa ya zebaki, ya volti 1.35, na ilishikilia volti hizo mpaka siku ya kufa. Uliyouziwa ni alkalaini ya volti 1.5. Mita inapata nguvu kuliko ilivyopimiwa, inadhani mwanga ni mwingi, inafunga tundu, filamu inakosa mwanga. Tena volti za alkalaini hushuka kadiri inavyotumika, kwa hivyo hata kosa lenyewe halikai mahali pamoja.

Tumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, za volti 1.4. Ni ndogo, zizungushie pete ya mpira ili zikae katikati. Ukibandua kibandiko chake hewa inaingia na betri inaanza kuishi, ngoja dakika chache kabla ya kuitia. Itadumu wiki kadhaa, hata ukiirudishia kibandiko. Nunua pakiti nzima ukiwa Dar es Salaam au umtume mtu.

Au achana na mita. Kwa filamu ya ISO 200 na kasi ya 1/250: jua kali f/16; mawingu mepesi f/11; wingu zito la masika f/5.6, kivuli cha wazi chini ya mwembe f/4. Kwenye mchanga mweupe wa Paje saa sita panda hadi 1/500 kwa f/16. Ndani ya vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe anzia f/4 kwa 1/60. Ukiwa na shaka, zidisha mwanga. Filamu ya rangi ya negativu (ambayo penye mwanga hutoka peusi) inasamehe mwanga mwingi kuliko mchache.

Kamera yangu ni ya Kirusi yenye pazia la kitambaa. Kila picha ina vidoti vyeupe, pale pale, upande wa juu. Aliyenisafishia anasema filamu ilikuwa mbovu.
*Kijana wa Nungwi*

Vidoti vya vumbi huhamahama. Vikikaa pale pale fremu baada ya fremu, ni tundu kwenye pazia. Utaona pia vinakolea kwenye picha ulizokaa muda mrefu juani kabla ya kupiga.

Na aliyetoboa aghalabu ni jua lenyewe. Kamera ya renjifainda haina kioo kati ya lenzi na pazia. Ukiiacha mezani imetazama mbingu, lenzi iko kwenye umbali usio na mwisho na tundu la lenzi liko wazi, imekuwa kile kioo cha watoto cha kuwashia karatasi. Sekunde chache zinatosha. Mafundi wanaochonga majahazi hapo kwenu wanafanya kazi juani kutwa, nawe ukiwapiga picha unaning'iniza kamera shingoni lenzi ikitazama juu. Igeuze ielekee chini, funga tundu la lenzi, au tia kifuniko. (Kifuniko nacho kina mtego wake: kwenye renjifainda utaona kila kitu vizuri kikiwa bado kimefunga, upige roli nzima ya giza.)

Kutafuta tundu la pazia: toa lenzi, ingia chumba cha giza, fungua mgongo, mulika kwa mbele. Angalia kabla ya kukoki na baada ya kukoki, kwa sababu mapazia ni mawili. Tundu la ncha ya sindano linazibika kwa tone la rangi nyeusi ya mpira au ya kitambaa, lililopakwa jembamba kwa brashi ndogo na kuachwa likauke usiku kucha kabla ya kukoki. Likiwa nene pazia litakuwa zito na kasi zitachelewa. Vidoti vikiwa vingi kama chujio, pazia linabadilishwa, halipakwi.

Napiga picha za harusi kwa simu na kamera ya dijitali. Nataka renjifainda kwa ajili ya hina za mikono ya bi harusi. Niiingilie?
*Mpiga picha, Mwanakwerekwe*

Kwa hina, dada yetu, hapana. Kamera nyingi za aina hii hazisogei karibu zaidi ya sentimita 80, baadhi mita nzima. Mikono itakuwa midogo katikati ya fremu. Tena kidirisha na lenzi havitazami kutoka pembe moja, kwa hivyo kadiri unavyosogea ndivyo unavyokata vidole ulivyodhani vimo. Hiyo ni kazi ya kamera ya SLR yenye kioo ndani, na lenzi ya karibu. Renjifainda iwekee ukumbi: shata ya vijani haina makelele, haitamshtua mtu kwenye maulidi, na haikuzibii macho wakati wa kupiga.

Nina kishamba cha mikarafuu Mkoani. Nikiuza, napata Leica M6. Mnasemaje?
*Msomaji, Pemba*

Usiuze. M6 ya 1984 ni kamera nzuri khasa, shata yake haitegemei betri, na renjifainda yake ina madirisha yaliyoachana kwa karibu milimita 69, ndiyo maana inalenga kwa usahihi mkubwa. Lakini usahihi huo unauona ukipiga kwa f/1.4 mtu akiwa mita moja. Ukipiga majamvi ya karafuu juani kwa f/11, hakuna atakayeitambua picha ya Leica na ya Canonet.

Kamera naihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi, ndani ya ndoo ya mchele. Sahihi?
*Msomaji, Jambiani*

Mchele upike, ule. Unanyonya unyevu kidogo sana na unaacha vumbi la wanga, ambalo ni chakula cha kuvu. Ngozi ni mbaya zaidi, kwani inalewa unyevu wa pwani na kuulaza juu ya lenzi usiku na mchana. Mfuko utundike ukutani, kamera iishi kwingine.

Nunua boksi la plastiki la chakula linalofunga kwa mpira, tia robo kilo ya silika jeli ndani ya soksi safi, na kipimo kidogo cha unyevu. Shabaha ni asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Ile ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Usiitie kwenye sufuria ya kupikia. Tafuta ya rangi ya chungwa, nayo pia itengee chombo chake.

Ukirudi kutoka kwenye ngalawa au kupiga picha za akina mama wa mwani, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, kisha kikavu. Chumvi ikikaa inavuta maji yenyewe. Ukitoka chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuitoa nje, isije ikatoa jasho ndani ya lenzi. Filamu iliyotoka friji hivyo hivyo: ipumzike saa moja au mbili ndani ya kikopo chake.

Nimeshainunua. Roli ya kwanza nipige nini?
*Yule yule wa Mkunazini*

Hongera. Roli ya kwanza ni ya vipimo, ya fremu 24 ya bei nafuu, ISO 200. Chukua daftari.

Tafuta ukuta mmoja ulio kivulini na usiobadilika mwanga. Upige mara sita: 1/500 kwa f/2.8, 1/250 kwa f/4, 1/125 kwa f/5.6, 1/60 kwa f/8, 1/30 kwa f/11, 1/15 kwa f/16. Mwanga ni ule ule mara zote, basi negativu sita zilingane weusi. Itakayozidi weusi, kasi hiyo inachelewa. Kama mita ya mwanga ni nzima rudia mara mbili tatu kwa A.

Kisha tundu wazi kabisa: minara ya mbali mara moja, mtu kwa mita moja iliyopimwa, na gazeti lililolazwa upande, umelenga mstari uliouwekea alama kwa kalamu. Ukiona mstari wa mbele au wa nyuma yake ndio mkali, unajua renjifainda imekosea upande gani.

Halafu kwenye fremu yoyote ya katikati, ziba lenzi na uiweke kamera juani, uigeuze kila upande, dakika moja. Sogeza filamu. Ukikuta mistari ya rangi ya chungwa kwenye fremu hiyo au jirani yake, sponji zinavuja.

Fremu zilizobaki piga utakacho. Ukipeleka kusafisha, iwe hapa au Dar, sema unataka negativu zenyewe urudishiwe, si picha za simu tu. Mashine ya kuskani inasawazisha mwanga wa kila fremu, na vipimo vyako vyote sita vya ukuta vitarudi vikifanana hata kama shata imekufa nusu. Na filamu ikisafiri kwa ndege, iombee ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za skani za viwanjani zina nguvu ya kuichafua kwa kupita mara moja tu.